Neno jipya na mbegu mpya: mwanafunzi wa Kiesperanto iko na haki ya kutunga?

Leo ninaleta swali ambalo katika kikundi chetu kidogo cha kujifunza Kiesperanto kwa simu haliishake. Swali lenyewe ni hili: sisi wanafunzi, tena wa fasi ya mbali kama Kirolirwe, tuko na haki ya kutunga maneno mapya ndani ya lugha ile?

Wamoja wanasema hapana, lugha iko na wenyewe, mgeni anyamaze kwanza. Wengine wanasema ndiyo kabisa, juu lugha ile yenyewe ilitungwa na mtu mmoja akiwa mezani kwake. Kama yeye aliweza, sisi tunashindwa na nini?

Mimi ni mtu wa kilimo, na jibu langu ninalitoa shambani. Kwa kifupi: kujenga neno, ndiyo, tangu wiki ya kwanza. Kuleta mzizi mpya, polepole, na kwa masharti. Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili, na pale njo mabishano yanatokea.

Kwanza, lugha yenyewe

Kwa wale ambao hawajaisikia: Kiesperanto kilitungwa na L. L. Zamenhof, daktari wa macho, aliyezaliwa mwaka 1859 katika mji wa Białystok. Wakati ule mji ulikuwa chini ya Urusi, leo uko Poland. Pale waliishi Wapolandi, Warusi, Wajerumani na Wayahudi, kila kundi na lugha yake, kila kundi likimwangalia jirani kwa jicho baya. Zamenhof aliona kwamba kama watu wangekuwa na lugha moja ya pembeni, isiyo ya kabila lolote, wangeweza kuzungumza bila mmoja kujiona bwana wa mwingine. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Warsaw mwaka 1887, kikiwa na mizizi ya maneno karibu 900 tu. Jina Esperanto maana yake "anayetumaini".

Mtu wa Masisi hahitaji maelezo mingi juu ya jambo hilo. Siku ya soko, kwenye barabara ya Sake kuelekea Kitshanga, unasikia Kihunde, Kinyarwanda, Kitembo, Kinyanga, na katikati yao Kiswahili kinafanya kazi ya kuunganisha. Tunajua lugha ya pamoja inasaidia nini, na tunajua pia inauma namna gani wakati mutu anatumia maneno kwa kukufungia mlango.

Tena Kiesperanto si jambo la Ulaya peke yake leo. Kongamano lake la dunia lilianza mwaka 1905 huko Boulogne-sur-Mer, Ufaransa, na mwezi wa nane 2024 lilifanyika Arusha, Tanzania. Ilikuwa mara ya kwanza kufika Afrika. Kwa hiyo swali la haki yetu ndani ya lugha hii si la mchezo.

Kujenga: kazi ya kila mwanafunzi

Chukua ng'ombe, juu sisi wa Masisi bila ng'ombe hatuelewi kitu. Kwa Kiesperanto ng'ombe ni bovo. Lugha inakupa vipande vidogo vya kuongeza, na kila kipande kiko na maana yake ambayo haibadiliki. Kipande -in- kinaonyesha jike: bovino, ng'ombe jike. Kipande -id- ni mtoto: bovido, ndama. Kipande -ar- ni kundi: bovaro, kundi la ng'ombe. Kipande -ej- ni fasi: bovejo, zizi. Kipande -ist- ni mtu wa kazi ile: bovisto, mchungaji. Kipande -aĵ- ni kitu kinachotoka pale: bovaĵo, nyama ya ng'ombe. Mzizi mmoja, maneno saba.

Sasa mwanafunzi wa siku kumi anajua kwamba kondoo ni ŝafo na mbuzi ni kapro. Hajafungua kamusi, lakini anaandika ŝafido, mtoto wa kondoo, na kaprejo, fasi ya mbuzi. Maneno hayo hakuyakuta popote. Ameyatunga yeye mwenyewe. Na Mjapani au Mbrazili akiyasoma atayaelewa bila kuuliza, juu vipande ni vilevile kwa wote.

Hii si haki ya wakubwa. Lugha ilitengenezwa kusudi mwanafunzi afanye hivyo. Anayekataa kujenga, anayengoja kila neno alisikie kwanza kwa mwalimu, atabaki kasuku.

Hata Kiswahili chetu kinafanya vile. Ukijua kulima, unapata mkulima, kilimo, kulimisha, kulimika. Mtoto wa miaka minne anajenga maneno ambayo mama yake hajamfundisha, na hakuna mtu anamwambia ameharibu lugha.

Kuleta mzizi: fasi ambapo bei inapanda

Jambo la pili ni kuchukua mzizi mgeni kabisa na kuuingiza. Pale njo kuna matata.

Katika Kiesperanto kipande mal- kinageuza maana. Bona ni nzuri, malbona ni mbaya. Juna ni -a ujana, maljuna ni mzee. Longa ni refu, mallonga ni fupi. Varma ni moto, malvarma ni baridi. Ukijua neno moja, umepata mawili. Lakini miaka imepita, na watunzi wa mashairi na watu wengine waliona mal- imekuwa mingi mno, wakaleta mizizi mipya: mava kwa mbaya, olda kwa mzee, kurta kwa fupi, frida kwa baridi.

Waza kidogo: nani analipa bei ya maneno hayo? Mtu wa Ulaya akiona kurta, olda au frida, anatambua ndugu za maneno ya nyumbani kwao. Kwake ni bure. Mtu wa Kirolirwe, au wa China, analazimika kukariri neno lingine kwa kitu ambacho alikwisha kuweza kukisema. Claude Piron, mwanasaikolojia aliyezaliwa Ubelgiji na kuishi Uswisi, ambaye alikuwa mfasiri wa Umoja wa Mataifa, alitoa mwaka 1989 kitabu La bona lingvo kutetea wazo hili: uzuri wa lugha uko katika kujenga na vichache vilivyopo, si katika kulundika mizizi.

Lakini tusiwe wakali kupita kiasi. Hospitali kwa Kiesperanto cha kujenga ni malsanulejo: fasi ya watu wasio wazima. Neno ni safi, lakini refu. Kuna pia hospitalo, na mgonjwa wa nchi nyingi sana atalitambua upesi. Maneno yote mawili yanaishi, hakuna lililoua lingine. Kanuni ya 15 ya sarufi ya Kiesperanto yenyewe inakubali maneno ambayo lugha nyingi zimeyachukua kutoka chanzo kimoja: yanaingia bila kubadilishwa, ila kwa maandishi tu. Kwa hiyo mzizi mpya si dhambi. Swali ni lini.

Na Zamenhof alilijibu. Katika tangazo lililokubaliwa Boulogne-sur-Mer mwaka 1905, ambalo linaiweka Fundamento, kitabu cha msingi, kuwa kitu kisichoguswa, aliandika kwamba wazo ambalo haliwezi kusemwa vizuri na maneno yaliyopo, kila mtumiaji iko na haki ya kulisema kwa namna anayoona inafaa. Kila mtumiaji, hata wewe. Lakini papo hapo akashauri uangalifu, kusudi lugha ibaki moja. Haki na breki aliziweka pamoja.

Mbegu inapimwaje

Uangalifu mkubwa maana yake nini? Hapa sasa ninarudi kwa taaluma yangu. Wasomi wa INERA, kwa mfano kituo cha Mulungu kule Kivu ya Kusini, wakipata aina mpya ya maharagwe, hawaitupi tu sokoni. Kabla SENASEM, idara ya taifa inayoshughulikia mbegu, haijaikubali, aina hiyo lazima ijibu maswali. Ya kwanza: iko tofauti na aina zilizopo? Ya pili: mimea yake inafanana yote? Ya tatu: tabia yake inabaki ileile ukipanda tena na tena? Ya nne: inamletea mkulima faida kuliko ile anayo?

Maswali haya manne unaweza kuyauliza neno lolote jipya.

Iko tofauti? Yaani inasema kitu ambacho hakuna neno lingine linakisema. Kama ni nguo mpya kwa mtu yuleyule, acha.

Inafanana kwa wote? Watu watatu wa nchi tatu wakilisikia, wanafikiri kitu kimoja? Kama kila mmoja anafikiri lake, neno bado.

Inabaki ileile? Ukilitumia leo na mwezi ujao, wewe mwenyewe unalitumia kwa maana ileile? Maneno mengi yanakufa hapa, hata mtunzi amesahau alitaka kusema nini.

Inaleta faida? Mtu anayejifunza baada yako atasema zaidi, au atakariri zaidi tu?

Tujaribu kwa vitu vyetu. Kasiksi, pombe ya ndizi: nilisoma pendekezo la kuiita kasikso. Lakini bananbiero, bia ya ndizi, inatosha, na kila mtu anaielewa mara moja. Kasikso imeanguka kwenye swali la kwanza. Sombe: maniokfolioj, majani ya mihogo, inatosha vilevile kwa maongezi ya kawaida.

Lakini chukudu? Ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, inayoshuka na magunia ya makaa na ya viazi mpaka Goma, ambayo hata ina sanamu yake mjini. Unaweza kusema ligna veturilo kun du radoj, chombo cha mbao cha magurudumu mawili. Msomaji atafikiri mkokoteni. Hataiona. Hapa lugha imefika mwisho wa vifaa vyake. Mimi ninaandika ĉukudo, mara ya kwanza ninaieleza kwa sentensi moja, halafu ninaendelea. Na neno lenyewe chukudu, nani alilipitisha? Hakuna akademia. Ni watu wa barabara walilitumia mpaka likashika. Tena si neno la kumtesa mgeni. Linampa kitu ambacho hakuwa nacho.

Wale waliotunga bila kusikiliza

Historia iko na mashamba ya majaribio ambayo yalikauka. Kabla ya Kiesperanto, padri Mjerumani Johann Martin Schleyer alitunga Volapük, mwaka 1879. Miaka kumi baadaye ilikuwa na wafuasi wengi katika Ulaya na kongamano lake Paris. Schleyer alitaka neno la mwisho juu ya kila badiliko liwe lake, wengine wakataka kurekebisha kila mmoja kwa namna yake. Wakagombana, na lugha ikaanguka haraka kama ilivyopanda. Kiesperanto chenyewe kilipata pigo kati ya 1907 na 1908, wakati warekebishaji walitoka wakaanzisha Ido. Watumiaji wengi wa kawaida hawakuwafuata, juu walikuwa na lugha ambayo tayari inafanya kazi.

Afrika pia ilijaribu. Mwaka 1970 Mghana K. A. Kumi Attobrah alitoa Afrihili, lugha ya kutungwa kwa ajili ya bara lote, yenye maneno kutoka lugha nyingi za Kiafrika. Jina lake ni Afrika na Kiswahili vikiunganishwa. Wazo lilikuwa kubwa. Lakini ilibaki kwenye karatasi, juu neno bila watu wa kulisema ni mbegu ndani ya bahasha.

Na hapa kwetu Kongo? Mwaka 1901 mmisionari Egide De Boeck alifika Nouvelle-Anvers, leo Makanza. Akakuta lugha ya biashara ya mtoni, akaiona masikini. Akaanza kuirekebisha, akiongeza sarufi na maneno kutoka lugha za jirani. Ndiyo chanzo cha Lingala ya vitabu. Leo ukisikiliza Lingala ya barabara za Kinshasa na ukasoma ile ya misioni, unaona ginsi watu walichagua: walichukua kilichowafaa, na sarufi nzito wakaiachia kanisa na shule.

Kiswahili sanifu nacho kimepita njia hiyo. BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania lililoundwa 1967, limefanya kazi kubwa ya istilahi. Ona ikulu, nyumba ya rais: neno lilitoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, makao ya mtemi. Ona kitivo cha chuo kikuu: kitivo pia ni sehemu ya bonde yenye rutuba. Mimi kama mtu wa udongo ninalipenda neno lile. Yote mawili yalishika, juu mbegu ilikuwa ya udongo huuhuu. Lakini tarakilishi, ambalo lilijengwa mezani, linabishana na kompyuta mpaka leo, na huku kwetu ukisema tarakilishi watu watakuuliza ni ugonjwa gani.

Juu ya nini jambo hili si la mchezo

Kuna mmoja ataniambia: "Bwana agronomu, hizi ni hadithi za wenye muda." Basi nimpe mfano ambao umekula chakula cha watu.

Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ya Xanthomonas ulionekana hapa Masisi, karibu wakati uleule na Uganda. Majani yanageuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake na ndani zimeoza. Wadudu wanaubeba kutoka ua la kiume, na sisi wenyewe tunaubeba na panga, kutoka mgomba hadi mgomba. Dawa ya kupuliza hakuna. Kinachookoa shamba ni mkulima kuelewa na kufanya: kuvunja ua la kiume kwa kijiti chenye panda bila kutumia panga, kupitisha panga kwenye moto, kukata mgomba mgonjwa mapema.

Sasa, ugonjwa huu uliingia katika vijiji na majina mangapi? Katika ripoti, Kifaransa na Kilatini. Katika midomo ya wakulima wanaosema Kinyarwanda, kirabiranya, neno ambalo ndani yake unasikia kunyauka. Hakuna mtaalamu aliyemtungia mkulima neno lile. Alichukua kitendo ambacho kila mtu anakijua, akakiongeza vipande, na jirani akaelewa siku ileile. Ni kazi ileile ya Kiesperanto: velki ni kunyauka, velkigi ni kunyausha, velkiga malsano ni ugonjwa unaonyausha. Mkulima na Zamenhof walifuata kanuni moja bila kujuana.

Mtaalamu anayefika kijijini na neno la mezani, hata liwe zuri namna gani, anapoteza siku. Na siku katika ugonjwa huu ni migomba, na migomba ni karo za watoto.

Neno kwa wale wanaosema tunaonewa

Rafiki mmoja wa kikundi ananiambiaka: "Mizizi ya Kiesperanto karibu yote ni ya Ulaya. Ukituzuia kuleta ya kwetu, unatuacha wapangaji milele." Hoja yake ni ya kweli kwa sehemu kubwa, na siwezi kuifunika. Mizizi mingi inatoka Kilatini na wana wake, Kijerumani, na kidogo lugha za Waslavi.

Lakini angalia namna lugha inavyojenga. Vipande vinavyobandikana bila kuharibu mzizi: hiyo ni tabia ambayo mtu wa Kiswahili na wa Kihunde anaielewa haraka kuliko Mfaransa anayepambana na vitenzi vyake. Pale tuko nyumbani. Nguvu yetu iko pale, tuitumie. Halafu, kwa vitu ambavyo dunia haina na sisi tuko navyo, tuweke mizizi yetu bila haya. Kumi ambayo watu wanaitumia ni bora kuliko elfu ndani ya daftari. Kamusi kubwa ya Kiesperanto, PIV, toleo la 2002 ina mizizi zaidi ya 16,000, na mizizi hiyo haikungoja ruhusa. Ilingoja watu kuitumia.

Basi kwa mwanafunzi wa kesho, ushauri wangu ni mfupi. Jenga kila siku, jenga hata ukichekwa. Ukikosa neno, tafuta kwanza, juu mara nyingi lipo na wewe tu hujalifikia. Ukilikosa kabisa, jaribu kwa vipande. Vipande vikishindwa, leta mzizi, ueleze mara moja, halafu uwaache wengine waamue. Wakilichukua, vizuri. Wakiliacha, usikasirike. Mbegu ambayo majirani hawakuiomba msimu wa pili, hata kama iliota vizuri kwako, imekwisha kukupa jibu.